Dhikri na Maji ya Kihoto

Katika darsa letu la baina ya Magharibi na Isha liliulizwa suala ambalo, baada ya kulitazama, tumeona si insafu kulijibu kwa maneno mawili kisha tukalipita. Muulizaji ni mwenyeji wa hapa pwani, na ana ndugu zake wawili Kihoto, mtaa ulio ukingoni mwa Ziwa Naivasha katika kaunti ya Nakuru, ambako walikwenda kutafuta riziki. Asema kuwa mwishoni mwa mwaka 2025, maji ya ziwa yalipoingia majumbani, ndugu hao walitofautiana. Mkubwa alitaka Waislamu wa jirani wakusanyike, wasome dhikri kwa hesabu kubwa, usiku baada ya usiku, mpaka maji yarudi. Mdogo akamjibu kuwa maji hayarudishwi kwa tasbihi. Kwamba mwenye akili ahamishe vyombo vyake. Na kwamba lau uradi ungelizuia maji, basi hapangelikuwa na Muislamu aliyezama tangu dunia iumbwe. Tangu siku hiyo hawasemezani vyema. Muulizaji ataka kujua ni yupi kati yao aliyepata na ni yupi aliyekosa.

Suala hili laweza kudhaniwa kuwa ni la nyumba moja tu, lakini ndani yake mna jambo linalotuhusu sote: sisi twamkumbuka Mwenyezi Mungu kwa ajili ya nini? Mtu akiwa hana jawabu ya hilo, atahesabu tasbihi miaka arubaini asijue alichokuwa akikifanya.

Kwa wasomaji wetu ambao hawajafika huko, yafaa kueleza kidogo. Ziwa Naivasha ni la maji matamu, ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka ndani yake. Maji yake hupenya chini ya ardhi yakaenda zake. Mito iingiayo ni Malewa na Gilgil pamoja na vijito vingine. Tabia ya ziwa hilo tangu zamani ni kupanda na kushuka. Katika miaka ya 1940 lilipungua sana, na mwaka 2009 likapungua tena hata watu wakalihofia. Kisha likaanza kupanda pamoja na wenzake wa Bonde la Ufa, yaani Nakuru, Bogoria na Baringo. Mwaka 2020 maji yaliingia Kihoto. Yakaingia tena mwaka 2024. Na mwaka 2025 yakaja kwa wingi zaidi: maelfu ya watu wakahama, wengine wakitolewa kwa mashua zilizozoea kuchukua watalii, vyoo vikafurika, na viboko wakaonekana mahali palipokuwa njia za watu. Ripoti ya serikali ya Kenya iliyotolewa mwaka 2021 juu ya maziwa haya ilitaja mvua iliyozidi kwa mabadiliko ya hali ya hewa, ardhi ya milimani iliyoharibiwa hata udongo wake ukateremka maziwani, na mienendo ya ardhi chini ya Bonde la Ufa. Twayataja haya ili msomaji ajue kuwa maji hayo yana sababu zake, na sababu hizo nazo zina Muumba wake.

Sasa turudi kwenye dhikri.

Neno hili kwa Kiarabu asili yake ni kukumbuka, na kinyume chake ni kusahau na kughafilika. Sisi watu wa pwani tumelifupisha mno. Ukimwambia mtu wa mjini kwetu kuwa leo usiku kuna dhikri, akili yake itakwenda kwenye duara ya watu, na mashairi, na miili inayoinama na kuinuka, na kahawa na halua mwisho wake. Lakini Qur'ani imelitumia neno hilo kwa upana mkubwa. Katika sura ya Al-Imran, aya ya 191, wametajwa watu wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala ubavu, na papo hapo wanafikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Tazama vilivyounganishwa: kukumbuka pamoja na kufikiri. Katika sura ya Al-Jumua, aya ya 10, watu wameamrishwa, baada ya Sala kwisha, watawanyike katika ardhi watafute fadhila za Mungu, na wamkumbuke sana. Hapa hapana duara wala msikiti. Ni soko, na bandari, na shamba. Tena Sala yenyewe, kama alivyoambiwa Nabii Musa katika sura ya Taha, imesimamishwa ili Mungu akumbukwe.

Basi dhikri si kitu kimoja kati ya ibada, bali ni roho ya ibada zote. Ulimi ni mlango wake, moyo ndio nyumba, na viungo ndivyo watoto watokao katika nyumba hiyo kwenda kazini.

Na kuna aya moja ambayo kwetu sisi ndiyo ufunguo wa suala hili. Nayo ni aya ya 19 ya sura ya Al-Hashr, inayotukataza kuwa kama wale waliomsahau Mwenyezi Mungu, naye akawasahaulisha nafsi zao. Adhabu iliyotajwa hapo si moto wala si gharika. Ni mtu kujisahau mwenyewe. Amsahauye Mola wake husahau kuwa yeye ni mja: husahau kuwa amezaliwa hana kitu, na kuwa atakufa, na kuwa jirani yake ni mja mwenzake. Hapo hujiona mwenye dunia. Kwa hivyo makusudio ya kukumbuka ni mja kurudi mahali pake. Mungu hahitaji kukumbushwa kuwa sisi tupo. Sisi ndio tunaohitaji kukumbushwa kuwa Yeye yupo, na kwa kukumbuka hilo tukajikumbuka wenyewe.

Ugomvi wa kusoma kwa sauti au kwa siri hatutauingia sana, kwani umekwisha kula wino mwingi tangu siku za marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanza kutoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932. Wapo waliosimama na aya ya 205 ya sura ya Al-Aaraf, inayoamrisha kumkumbuka Mungu nafsini kwa unyenyekevu na hofu pasina kupaza kauli, na hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwasikia masahaba safarini wakipaza sauti zao kwa takbira, akawaambia wajihurumie nafsi zao kwa kuwa wanayemwita si kiziwi wala hayuko mbali. Na wapo waliosimama na neno la Ibn Abbas, kuwa kupaza sauti kwa dhikri baada ya Sala ya faradhi kulikuwako zama za Mtume. Zote mbili ni hadithi sahihi, zimo katika Bukhari. Sisi rai yetu ni kuwa siri ni salama zaidi kwa moyo, kwani sauti ina washirika wengi: anayesikia, anayesifu, na anayetaka sauti yake ipite ya mwenziwe. Lakini hatuwi wepesi wa kuwatoa watu thamani. Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, na masheikh wengine wa Kadiria na Shadhilia, waliwaingiza watu wengi wa bara katika Uislamu kwa duara hizo hizo tunazozitia makosani, mahali ambapo wasomi wa pwani hawakujisumbua kufika. Mwenye kukosoa na akumbuke na hilo.

Makosa makubwa kuliko sauti ni haya: kuifanya dhikri kamba ya kumvutia Mungu aje kwenye matakwa yetu.

Na mazoea haya ni yetu, hatukufundishwa na watu wa Kihoto. Ni sisi tulioifanya halbadiri, ambayo ndani yake hutajwa majina ya watu waliopigana Badri, kuwa silaha ya kumtisha mwizi wa kuku. Ni sisi tunaoandika aya kwa zafarani sahanini, tukaziosha, tukanywa kombe, kisha tukauliza mbona homa haijashuka. Katika baadhi ya miji yetu ng'ombe alikuwa akizungushwa mjini huku watu wakisoma, kisha akachinjwa, ili mji uepukane na maradhi na ukame. Basi yule ndugu mkubwa, alipotaka kulizungushia ziwa uradi, alichukua alichokirithi kwa wazee akakipeleka Bonde la Ufa.

Ubaya wake ni nini? Wengine watasema: hawa wamsoma Mungu, hawakumsoma shetani, waacheni. Twajibu kwa kuuliza. Mtu akisoma laki moja na maji yasirudi, atasema nini? Ama atasema hesabu ilipungua, asome laki nyingine. Na hapo Mola wake amekuwa kama mizani, ukitia kadha unatoa kadha. Ama atasema mmoja kati ya wasomaji hakuwa na udhu, atafutwe. Na hapo dhikri imezaa uhasama. Ama atasema Mungu hakusikia, na huo ni msiba mkubwa kuliko wa nyumba kuzama. Na maji yakirudi? Basi hiyo ni fitina nyingine: atasema uradi wetu umeyarudisha, na mwakani atauuza. Njia zote nne zampeleka mbali na Yule aliyekuwa akitajwa. Kwa hakika amkumbukaye Mungu kwa ajili ya maji tu hakumkumbuka Mungu. Aliyekuwa moyoni mwake muda wote ni maji.

Tena kuna aya zilizokwisha tueleza tabia hii waziwazi. Sura ya Yunus, aya ya 12, yamtaja mtu ambaye shida ikimgusa huomba akiwa amelala ubavu, au ameketi, au amesimama. Ikiondolewa, hupita kama kwamba hakuomba kamwe. Sura ya Al-Ankabut, aya ya 65, yawataja wapandao jahazini: wakiwa baharini humwomba Mungu kwa dini safi, na wafikapo nchi kavu hurejea kwenye ushirikina wao. Sisi watu wa jahazi na mitepe twapaswa kuielewa aya hii kuliko mtu mwingine yeyote. Mawimbi yanapopiga hapana asiyekuwa walii.

Hapa patakuja pingamizi yenye nguvu, wala si vyema kuipita kando. Mtu atasema: na Nabii Yunus je? Si alikuwa tumboni mwa samaki, akasabihi, akaokolewa? Na je, Qur'ani haikusema katika sura ya As-Saffat, aya ya 143 na 144, kuwa lau si kusabihi kwake angelikaa humo mpaka siku ya kufufuliwa? Basi dhikri yazuia maji, na yafungua hata tumbo la samaki!

Twasema: kweli, Mungu akitaka huyafungua yote mawili. Lakini litazame neno lenyewe alilolisema Yunus, lililotajwa katika sura ya Al-Anbiya, aya ya 87. Ndani yake mna mambo matatu: kumpwekesha Mungu, kumtakasa, na kukiri kuwa yeye Yunus ni katika waliodhulumu. Hakuna ndani yake ombi. Hakusema nitoe. Hakusema nimesoma mara kadha, basi nipe changu. Alirudi mahali pa mja, akatulia hapo, gizani. Kutolewa kukaja kuwa ni fadhila, si ujira. Tena wafasiri wengi wamesema kuwa aya ya As-Saffat yataja hali aliyokuwa nayo kabla, kwamba alikuwa ni mtu wa kusabihi katika raha yake, ndipo shida ilipomkuta haikumkuta mgeni. Hilo ndilo tunalowaambia wenzetu. Anayeanza kumjua Mungu maji yakiwa magotini hakufukuzwa mlangoni, hasha. Lakini asijifananishe na Yunus.

Je, basi haijuzu kuomba mafuriko yaondoke? Yajuzu, na ni sunna. Imepokewa kwa Anas bin Malik kuwa bedui mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubu, akamlalamikia ukame, Mtume akainua mikono akaomba, mvua ikanyesha mpaka Ijumaa ya pili. Ijumaa hiyo akaja mtu, akalalamika kuwa majumba yaanguka na mali yaangamia kwa mvua. Mtume akaomba mvua iwe kandokando yao wala isiwe juu yao. Iende vilimani, na mabondeni, na kwenye mashina ya miti. Tazama adabu iliyomo. Hakuomba mvua ikatwe, kwani ni rehema na wako wanaoihitaji. Hakuwaamrisha watu wahesabu. Aliomba mara moja, kwa maneno machache, kama mtu azungumzaye na Mola anayemsikia. Hiyo ni dua. Dua ni kuomba na kumwachia Mwenyewe jawabu. Hirizi ni kudai. Maneno yaweza kuwa ni yale yale, na moyo ukawa mbalimbali.

Tukimgeukia yule ndugu mdogo, twaona kuwa kauli yake ya kuhama ilikuwa kauli ya haki. Sayyidna Umar (r.a.), alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata habari kuwa tauni imeingia huko, alirudi na watu wake. Abu Ubaida akamuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Naye akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Na Nabii Nuhu, aliyeijua gharika kuliko watu wote, hakuketi akihesabu uradi mpaka maji yakapungua. Aliunda jahazi, mbao kwa mbao, huku akichekwa na wapitao. Bismillahi ambayo Qur'ani yaitaja katika sura ya Hud, aya ya 41, ilisemwa juu ya jahazi lililokwisha kuundwa, kwa mwendo wake na kwa kutia nanga kwake. Ilikuwa ni dhikri juu ya chombo, haikuwa ni dhikri badala ya chombo. Mwanawe aliyekimbilia mlimani naye alitumia akili yake, akahama, wala haikumfaa. Kwa hivyo kuhama nako pasi na Mungu si ngome.

Hapo ndipo alipoteleza mdogo. Aliipima dhikri kwa mizani ile ile ya nduguye, akaiona haina uzito. Mmoja asema yarudisha maji, basi tusome. Mwenziwe asema hairudishi maji, basi ya nini? Wote wawili wamekubaliana kuwa kazi yake ni maji! Laiti mdogo angelijiuliza: mtu aliyepakia godoro na sufuria mashuani, na watoto watatu, na mwenye nyumba amshikilia kodi yake, na shule ya watoto imo majini, usiku ule alale wapi moyo wake? Sura ya Ar-Raad, aya ya 28, yasema kuwa ni kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Haikusema nyumba hutulia. Na moyo uliotulia si moyo uliosinzia. Siku hizi wako wanaoieleza dhikri kama kidonge cha kuondoa wasiwasi, ukimeza jioni waamka mzima. Nalo ni kosa la ndugu mkubwa lililovaa kanzu nyingine, kwani hapo tena kinachotafutwa ni raha ya mtu nafsi yake. Utulivu uliotajwa katika aya ni wa mtu aliyejua nani mwenye milki, ndipo asiogope kupoteza kilichokuwa si chake. Na mtu wa namna hiyo ndiye apatae nguvu ya kurudi majini kumtoa mkongwe wa nyumba ya tatu.

Bado kuna watu wa aina ya tatu ambao muulizaji hakuwataja, nao ndio tunaowaogopea zaidi. Hao hawagombani juu ya dhikri. Ndimi zao zi laini nayo. Mtu auza kiwanja ukingoni mwa ziwa, naye ajua kuwa maji yamewahi kufika hapo, na ajua mnunuzi ni kibarua aliyetoka mbali asiyejua tabia ya ziwa lile. Maji yajapo, muuzaji ainua mikono akasema: ni kadari ya Mungu, alhamdulillahi kwa kila hali. Mwingine ana vyumba vya kukodisha. Maji yaliingia tarehe kumi, naye ataka kodi ya mwezi mzima, na tasbihi imo mkononi akiidai. Mwingine, mwenye mashua, apandisha nauli siku watu wanapokimbia, kisha asema riziki hutoka kwa Mungu. Hatumtaji mtu wala hatumtuhumu mtu wa Kihoto. Mambo haya huwa Kihoto, na Mombasa, na Tana kila mto ufurikapo, na kila mahali penye shida ya watu. Lakini twauliza: maneno hayo matukufu, yakisemwa mahali hapo, ni dhikri? Sisi twaona ni kusahau kulikovaa nguo ya kukumbuka. Kwani huyo amelitumia jina la Mungu kujifichia macho ya Mungu. Kadari ni kweli, na kuiamini ni katika nguzo za imani. Lakini kadari haikumwandikia mtu ruhusa ya kudanganya. Sura ya Al-Maun imeahidi ole kwa wenye kusali, ambao wameghafilika na Sala zao, wanaojionyesha kwa watu, na wanaozuia vitu vidogo vya kusaidiana. Maulamaa walipovieleza vitu hivyo walitaja chungu, na shoka, na ndoo. Katika mtaa uliojaa maji, kitu kidogo cha kusaidiana ni chumba kimoja kilicho wazi mlimani, au mkokoteni, au siku kumi za kodi.

Jina la mtaa wenyewe latosha kumfikirisha mtu. Kihoto kwa lugha ya Kikuyu ni haki, na hoja ya kweli inayomshinda mwenye kubishana. Hatujui mtaa ulipokewaje jina hilo, ila latufaa: mwenye kutaka kujua kama nyiradi zake zimemwingia, na atazame amesimama wapi palipo na haki ya mtu.

Limebaki jambo moja ambalo muulizaji aliliuliza mwishoni, kama aliyekumbuka akiwa yu mlangoni. Shemeji yake, mke wa yule ndugu mdogo, afanya kazi katika mashamba ya maua ya waridi yaliyolizunguka ziwa. Wiki za kabla ya tarehe 14 Februari, ambapo Wazungu hupelekeana maua, kazi huzidi sana. Mama huyo sasa atoka mbali zaidi kwa kuwa wamehama, arudi usiku, mikono imechomwa na miiba, na hana nafasi ya kukaa katika duara yoyote. Auliza kama yeye amekosa fungu.

Jawabu yake si ya kutafuta mbali. Bibi Fatma (r.a.), binti ya Mtume, alikuwa akisaga nafaka kwa mkono mpaka jiwe likamwachia alama. Akasikia kuwa kwa babake wameletwa mateka, akaenda kuomba mtumishi, asimkute, Mtume (s.a.w.) alipopata habari akaja kwao usiku, Fatma na mumewe Ali wamekwisha kulala. Akaketi kati yao, akawafundisha kuwa waingiapo kitandani wasabihi mara 33, wahimidi mara 33, na wakabiri mara 34, na kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Hii ndiyo hesabu tunayoisoma mpaka leo, nayo haikuteremkia duarani. Ilifundishwa kando ya kitanda cha mwanamke aliyechoka. Wala hakuambiwa kuwa jiwe litajisaga lenyewe. Asubuhi jiwe lilikuwa pale pale. (Mwenye shamba asije akaichukua hadithi hii akawasomea vibarua wake badala ya ujira, Mtume alikuwa akimfundisha mwanawe mwenyewe, na katika baadhi ya mapokezi alisema hawezi kumpa yeye na kuwaacha masikini wa msikitini na njaa. Mwenye kunyima ili ajaze mfuko wake hana fungu katika maneno hayo.)

Basi shemeji yetu huyo na ahesabu kwa vidole vyake, vile vile vilivyochomwa, akiwa garini au akiwa kitandani. Na akisinzia kabla ya kutimiza, hapana neno. Ndugu wawili nao, wakikutana baada ya Sala ya Isha popote walipohamia, wasome pamoja kwa sauti ya chini au kila mmoja peke yake, si kwa ajili ya ziwa. Na wakitaka kuliombea ziwa, waombe kama alivyoomba Mtume, kisha mmoja wao ashike kasia. Ama yule mama, na aambiwe kuwa Ali (r.a.) alieleza kwamba tangu alipoyasikia maneno yale kwa Mtume hakuyaacha, akaulizwa kama hakuyaacha hata usiku wa vita vya Siffin, akajibu kuwa hata usiku huo.